Mkono Uliojifunza Nyumbani

Chungwa lilikuwa la Muheza, upande mmoja bado la kijani, na Hizza Mntambo alikuwa ameliweka mezani akalitazama muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai.

"Ukiwa tayari," Zawena alimwambia.

"Mimi niko tayari, fundi. Huu ndio sijui kama uko tayari." Akauinua mkono wake mpya wa kulia, akaugeuza mbele na nyuma.

Miaka kumi na tisa Hizza alikuwa amemenya machungwa stendi ya Korogwe, ganda likishuka kama utepe mmoja mrefu usiokatika, wateja wakisimama kumwangalia tu hata kama hawana kiu. Kisha mkonge ukarudi. Dunia ilikuwa imepiga marufuku plastiki, na kila mtu, kuanzia wauza mifuko hadi waunda magari, akawa anataka katani. Mashamba yaliyokufa enzi za babu zake yakapandwa upya mpaka miguuni mwa milima, na mashine kuukuu za kukwangua mkonge zikanunuliwa kwa haraka, zikalishwa majani kwa mikono ya watu. Hizza aliacha kisu chake cha machungwa akaenda kuzilisha. Ndani ya miaka mitano mji ukawa na jina la watu kama yeye: wa kushoto. Ukisikia fulani ni wa kushoto, huulizi zaidi.

Zawena Shemdoe alikuwa fundi wa mashine hizo hizo. Alizifungua mara nyingi mno ili kutoa kilichonasa ndani, mpaka siku moja akaweka spana chini akasema hatazitengeneza tena. Akakodi ghala moja tupu nyuma ya reli, akaanza kutengeneza kile ambacho mashine zilichukua.

Mikono yake haikufanana na ile ya ng'ambo iliyoonekana kwenye mitandao, ile inayong'aa kama bomba. Mifupa aliichapa kwa plastiki iliyookotwa mitaroni, maana ilikuwa bado tele. Kano zilikuwa katani iliyosokotwa na kupakwa nta. Ngozi ilikuwa utomvu wa mpira wa mashamba ya Muheza, tabaka saba nyembamba, kila moja na rangi yake, ili weusi wa vifundo usiwe sawa na weusi wa kiganja na mishipa ionekane kwa chini kama inavyoonekana kwa mtu. Kucha alizichonga moja moja huku ameushika mkono uliobaki wa mteja, akiutazama. Hizza alipoletewa wake mara ya kwanza aliuangalia, akaangalia wa kushoto, akarudi kwenye ule mpya, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Umejuaje kwamba kidole changu cha mwisho kimepinda?"

"Cha kushoto kimepinda. Nikadhani ndugu yake naye atakuwa hivyo."

Sasa alikishika kisu. Mkanda wa vihisio uliofungwa chini ya kiwiko ulisikiliza misuli iliyobaki, lakini misuli ilikuwa na maneno machache tu: shika, achia, geuza. Mengine yote mkono uliyajua wenyewe. Kisu kikagusa chungwa, gumba likatangulia mbele yake likipima unene wa ganda, na utepe ukaanza kushuka. Ulishuka mpaka ukagusa meza, ukajikunja, ukaendelea kushuka. Haukukatika. Hizza alimaliza, akaweka kisu chini taratibu, akajifuta uso kwa mkono wa kushoto.

"Fundi," alisema, "Mungu akuweke."

Akampa mkono wa shukrani. Wakashikana, na Zawena akahisi gumba la mkono ule likimbonyeza kwenye kifundo, mara mbili, polepole.

"Hiyo nimeifanya mimi?" Hizza aliuliza.

"Hapana. Yote hufanya hivyo ikishika mtu. Hatujui imetoka wapi." Zawena akatabasamu. "Watu wanaipenda. Wanaiita salamu ya Korogwe."

*

Bi. Kidawa alikuja siku tatu baadaye, asubuhi, akiwa na bakora na mguu wa kushoto unaoburuta kidogo. Zawena alimtambua pale mlangoni. Mara ya mwisho walionana msibani, miaka mitatu nyuma, Zawena alipokwenda kumzika Mzee Hemedi Kihiyo, mume wa Bi. Kidawa.

"Shikamoo mama. Karibu, karibu uketi."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa. Hakutaka chai, hakutaka maji. Alitazama mikono iliyoning'inia ukutani ikisubiri wenyewe, akaitazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetafuta sura anayoijua kwenye umati. "Nimekuja na jambo. Nisikilize mpaka mwisho."

"Nakusikiliza, mama."

"Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Manundu. Nikajikwaa. Yule mama muuza nyanya, yule mwenye mkono wenu, akanidaka hapa." Aligusa kifundo cha mkono wake wa kushoto. "Akanibonyeza kwa gumba. Mara mbili."

Zawena alisogeza kiti chake karibu.

"Upande huu ulipooza miaka minne iliyopita. Kiharusi. Mume wangu ndiye aliyenilea, hakutaka mtu mwingine. Kila asubuhi alinishika hapa, ananibonyeza mara mbili, ananiuliza, 'Unasikia?' Namwambia sisikii. Kesho tena, 'Unasikia?' Sisikii. Miezi saba. Siku niliyosikia tulilia wote wawili kitandani kama watoto. Hakuna aliyetuona. Hata wanangu sijawahi kuwasimulia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa niambie, mwanangu. Muuza nyanya amejulia wapi?"

Zawena alijua jibu kabla swali halijaisha, na alitamani asingelijua.

Hemedi Kihiyo alikuwa fundi cherehani, lakini hilo lilikuwa nusu tu ya habari zake. Alishona, alirekebisha saa, alisuka viti, alitoa mwiba mguuni mwa mtu asisikie. Zawena alipotafuta mtu wa kuifundisha mikono yake, hakwenda kwa mwingine. Kampuni za ng'ambo zilimfundisha kila mnunuzi peke yake, kwa upasuaji na miezi ya mazoezi, ndiyo maana mikono yao ilinunuliwa na matajiri tu. Wazo la Zawena lilikuwa jepesi: chukua miendo ya mtu mmoja mwenye mikono ya ajabu, iwe mbegu, uipande katika kila mkono unaotoka karakana. Mzee Hemedi alivaa glavu nyembamba yenye vihisio miezi kumi na mmoja. Kwa mbegu hiyo mkulima wa Handeni aliweza kununua mkono kwa mavuno ya msimu mmoja, akafunga vifungo vya shati siku ile ile.

Lakini katikati ya miezi hiyo mzee alikuja kumwambia mke wake anaumwa, hataweza tena kukaa cherehani siku nzima. Na Zawena alikumbuka vizuri alivyomjibu. Alikuwa na haraka. Alisema, "Usiivue tu, mzee. Hata ukiwa nyumbani. Kila mwendo una faida."

"Ni mimi," alimwambia Bi. Kidawa. "Nilimwambia asiivue."

"Glavu niliiona. Aliniambia ni ya utafiti wa kazi, nami sikuwa na nguvu ya kuuliza." Bi. Kidawa alishika bakora yake. "Sikuja kugombana. Kazi aliwapa kwa hiari yake, kazi kaeni nayo. Najua imewasaidia watu, nawaona mjini, namshukuru Mungu. Lakini alivyoniosha, alivyonilisha, alivyonishika, hivyo havikuwa vya kwake peke yake kuvitoa. Vyangu nataka vitoke."

*

"Alitia sahihi," alisema Mbwana Sekibaha.

Mbwana ndiye aliyeandika programu zote za mikono. Alikuwa kijana wa Magoma, mpole, asiyependa ugomvi, na siku hiyo alikuwa amesimama kwenye ubao na kalamu ameikaza kama anataka kuivunja.

"Alitia sahihi ya miendo ya kazi," Zawena alisema.

"Dada Zawena, tazama kwanza hapa, halafu uamue." Akachora mistari miwili. "Huu ni cherehani, saa na viti. Humo ndimo mkono umejifunza ustadi. Ndiyo maana Hizza anamenya chungwa. Huu wa pili ni nyumbani. Humo mkono umejifunza kwamba kuna vitu vya moto, laini, vinavyojisogeza vyenyewe, na vitu hivyo hushikwa tofauti. Kihisio cha joto kikigusa ngozi ya mtu, nguvu inashuka. Nani aliishusha? Mzee, akimlisha mkewe uji. Ukiufuta mstari huu, mkono haujui tofauti ya mtu na gogo. Na watu mia tatu na arobaini wanaivaa."

Zawena alikaa kwenye benchi mbele ya ubao.

"Lakini kuna njia." Mbwana aliacha kalamu. "Ile ya gumba mara mbili, naweza kuiondoa yenyewe. Kazi ya nusu saa. Naituma kwenye simu za watu wote, kesho asubuhi mikono yote imeiacha. Upole unabaki. Bi. Kidawa akishikwa na yeyote, hatakuta kitu."

"Tumwambie tumefuta."

"Tumwambie tumeondoa kilichomuumiza. Si uongo."

Na kwa kweli haukuonekana kama uongo. Zawena aliupindua moyoni huku na huku, akaona una sura nzuri kila upande. Watu mia tatu na arobaini. Mama mmoja mzee ambaye hataumia tena. Nusu saa.

"Fanya kwenye sampuli," alisema. "Nione."

Mbwana alipokwenda kula, Zawena alibaki na mkono wa majaribio, ule uliofungwa kwenye kitako cha mbao juu ya meza. Alifungua kumbukumbu za nyumbani. Kwa miaka minne zilikuwa kwake namba na mistari; hakuwahi kuziona zikitembea. Alichagua moja bila kuangalia tarehe, akauamuru mkono uicheze.

Jua la saa saba lilikuwa limejaa dirishani. Mkono ulifunguka. Ulishika kitu kisichokuwepo, chembamba, ukakipitisha juu na chini, ukagawa hewa mafungu matatu, ukaanza kusuka. Vidole vilikosea. Vikafumua, vikaanza tena. Ilikuwa mikono ya mtu ambaye hakuwahi kusuka nywele, anajifunza kwa mgonjwa asiyeweza kujisuka, na kila alipokosea alisimama, akalaza kiganja juu ya kichwa ambacho Zawena hakukiona, akakiacha hapo kidogo kabla ya kuendelea. Msuko ulipokwisha, mkono ulishuka taratibu, ukafuata mstari wa shavu, ukafuta kitu chini ya jicho.

Zawena alivuta waya.

Alikaa akiwa ameushika ule waya mkononi. Uso ulikuwa unamwaka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu bila kubisha. Halafu akafikiri: mlango huo nimeufungua leo, lakini miaka minne nimekuwa nimeketi humo humo ndani, na nimewakaribisha watu mia tatu na arobaini.

Mbwana aliporudi alimkuta anavaa viatu.

"Sampuli iko tayari," alisema. "Imekubali vizuri. Huwezi kujua."

"Ndiyo ubaya wake, Mbwana. Huwezi kujua." Akasimama. "Ifute. Ukisha, nitengenezee mkono usio na kumbukumbu za nyumbani kabisa, hata moja. Nataka tujue tunawadai watu nini."

*

Hizza ndiye aliyekubali kuujaribu. Alimenya chungwa kama kawaida. Akachomeka uzi kwenye sindano. Akafunga kifuniko cha chupa, akakifungua.

"Mbona uko sawa?" aliuliza.

"Nishike mkono," Zawena alisema.

Alimshika. Zawena alimwangalia usoni asiangalie chini. Hizza alikuwa anaendelea na maneno, anauliza habari za mvua, na hakujua lolote, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa umesema "shika" na mkono ulikuwa unashika. Zawena alihesabu mpaka tano. Alipofika sita sauti ilimtoka.

Hizza aliachia kama aliyeunguzwa. Kwenye mkono wa Zawena kulikuwa na alama nne na moja, zinaanza kuvimba.

"Astaghfirullah! Fundi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kuona utasikia lini."

"Sikusikia kitu." Aliuweka mkono ule mezani mbali na yeye. "Fundi, mimi nina mke. Nina mjukuu anayelala kifuani kwangu."

"Najua. Ndiyo maana nimeanza na wewe. Nataka kuwaita wote niwaambie, na nataka ujue kabla yao."

Walikuja Jumapili iliyofuata, wengine kutoka Handeni na Lushoto, wakakaa kwenye magunia na mabenchi ndani ya ghala. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Bi. Kidawa hakuja, na Zawena hakutaja jina lake wala jambo la kitandani. Alisema tu kwamba mikono yao ilikuwa imejifunza upole kutoka nyumbani kwa watu wawili, kwamba mmoja wao hakuulizwa, na sasa ameomba vitu vyake virudi. Kisha akakunja mkono wa gauni akawaonyesha alama, ambazo zilikuwa zimekuwa za zambarau.

Kelele zilipanda mpaka bati.

Mwanamke mmoja alisimama, mrefu, amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa Nambua Mchome, muuguzi wa Same, aliyepoteza mkono wake si mashambani bali kwenye ajali. "Mtoto huyu ana miezi minne," alisema. "Namwogesha kwa mkono huu. Unaniambia kuanzia kesho nisimguse? Kwa sababu ya mtu mmoja?"

"Ndiyo," Zawena alisema. "Usimguse kwa huo. Kwa muda."

"Basi tupige kura. Sisi ni wengi."

"Hapana, mama. Sikuwaita mpige kura. Kitu hiki si changu, siwezi kuwapa mkigawe." Akashusha mkono wa gauni. "Kosa nilifanya mimi, na mnaoumia ni ninyi. Nimewaita niwaombe radhi. Na niwaombe msaada, maana pasipo ninyi sina njia."

Akaeleza. Kila mmoja wao alikuwa na mkono uliobaki. Mkono wa kushoto unapomshika mtoto, unajua. Na wa kushoto ukitazamwa kwenye kioo ni wa kulia. Zamani jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu kila mtu hushika kwa namna yake, na mbegu iliyochanganywa na watu kumi ingekuwa vurugu tupu. Lakini watu mia tatu, miezi kadhaa, tofauti zao zingemezana, kikabaki kile ambacho wote wanafanya. Angewapa glavu mpya. Zingekuwa na kitufe kikubwa cha kuzima. Kila atakayevaa angeamua mwenyewe lini aivae na lini aivue. Na karatasi ya kukubali ingekuwa na sahihi mbili: ya anayeshika na ya anayeshikwa.

"Na mtoto?" Nambua aliuliza. "Yeye atasaini nini?"

"Sijui," Zawena alisema. "Baba yake na wewe mtaniambia."

Nambua akamvuta mtoto juu mgongoni, akatoka. Watu kama thelathini wakatoka nyuma yake. Hizza akainuka kwenye gunia lake, akaja mbele, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nivishe," alisema.

*

Kesho yake kumbukumbu za nyumbani zilifutwa kwenye mikono yote, Bi. Kidawa akitazama, na kuitengeneza mbegu mpya kulichukua miezi minane. Ilikuwa miezi mibaya, na Zawena hakumficha mtu. Kwenye mitaa ya Korogwe ungeweza kuwaona: watu wanaosalimiana kwa mkono wa kushoto na kuomba samahani, wanaume waliofunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kulia ili watoto wasiushike. Kumi na wanane walirudisha mikono yao. Mchumba wa mtu mmoja alivunjika kidole. Zawena alikwenda nyumbani kwao, akakaa ukumbini mbele ya wazazi, akasikiliza yote aliyoambiwa.

Lakini glavu zilivaliwa. Hizza aliivaa akimbembeleza mjukuu. Mama muuza nyanya aliivaa akimkanda mama yake miguu. Mzee mmoja wa Bumbuli alirekodi mwezi mzima akikamua mbuzi, na Mbwana alipomwambia kwa adabu kwamba walihitaji watu, alijibu, "Mbuzi wangu ananivumilia kuliko watu," ikabidi wamkubali. Mwezi wa tatu tangu mkutano kilikuja kifurushi kutoka Same, ambako Nambua alikuwa ametumiwa glavu aliyoiomba kwa simu. Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye sahihi ya Nambua, sahihi ya mume wake, na alama ya wino ya kisigino kidogo. Rekodi zilikuwa za wiki saba, kila jioni ya saa kumi na moja, mtoto akiogeshwa. Chini ya karatasi Nambua alikuwa ameandika: *Akikua akikataa, utafuta.*

Mbwana aliisoma mara mbili. Tangu siku hiyo hakusema tena neno la sahihi ya mzee.

Mbegu mpya ilipokamilika, Zawena aliijaribu kwenye mwili wake kwa siku kumi kabla hajamruhusu mtu mwingine. Kisha akaenda kwa Bi. Kidawa.

"Za zamani tulizifuta ulipokuwepo," alimwambia. "Uliona mwenyewe. Lakini sitaki uniamini kwa maneno. Njoo ushikwe."

Bi. Kidawa alikuja Jumatatu asubuhi. Foleni ya watu waliokuja kuchukua mbegu mpya ilikuwa tayari imezunguka ghala. Ndani walikuwa watatu tu: muuza nyanya, Hizza, na Nambua aliyesafiri tangu alfajiri. Bi. Kidawa alikaa kwenye kiti, akalaza mkono wake wa kushoto juu ya goti, akafumba macho.

Muuza nyanya alikuja kwanza. Alimshika, akakaa hivyo, akaachia. Bi. Kidawa alitikisa kichwa. Hizza akafuata. Alishika kama mtu anayebeba kifaranga. Bi. Kidawa aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Akatikisa kichwa tena.

Nambua alipiga magoti mbele yake. Mkono wake ulimshika yule mama kwa chini, kama unavyomshika mtoto kwenye beseni asiteleze, imara na laini kwa pamoja. Ulikuwa mshiko mzuri kupita wote ambao Zawena aliwahi kuutengeneza, na hakuutengeneza yeye.

"Huu ni wa nani?" Bi. Kidawa aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Ni wetu, mama," Nambua alijibu. "Kidogo wangu, kidogo wa mwanangu. Na wa hawa wote."

Bi. Kidawa alifumbua macho. Alimwangalia Nambua, akauangalia ule mkono, akaugeuza, akapitisha kidole chake juu ya kucha zilizochongwa moja moja.

"Mmefanya kazi," alisema. "Wallahi mmefanya kazi." Akamgeukia Zawena. "Hayupo."

"Hayupo, mama."

"Nimemtafuta kwa wote watatu. Hayupo kabisa."

Zawena alikuwa amejiandaa kwa shukrani, na alikuwa amejiandaa kwa lawama. Hakuwa amejiandaa kwa uso ule.

"Ndivyo nilivyotaka," Bi. Kidawa alisema. "Ungeniuliza tena leo ningesema vile vile. Usije ukadhani najuta." Alipeleka mkono wake mzima kwenye kifundo cha kushoto, akaufunika. "Ila tangu siku ile ya sokoni nimekuwa nikipita mjini najua yuko mahali. Kwenye mikono ya watu. Nilikasirika kila siku, na kila siku nilijua yuko. Sasa nitakwenda nyumbani." Akaegemeza bakora kwenye kiti. "Niachieni humu kidogo, wanangu. Nataka kulia, na sitaki kulia njiani."

Hizza alikuwa wa kwanza kutoka. Muuza nyanya akafuata, halafu Nambua, akifuta magoti yake. Zawena alisogeza maji yawe karibu na kiti, akafunga madirisha yanayotazama reli, akatoka wa mwisho na kuuvuta mlango.

Nje foleni ilimgeukia. Mtu wa mbele kabisa alikuwa ameshavua mkanda wake, tayari.

"Leo tutaanza saa tano," Zawena aliwaambia.

Ilikuwa saa tatu na nusu, na jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Watu walitazamana. Kisha yule wa mbele akafunga mkanda wake tena, akatafuta kivuli cha ukuta, akakaa chini. Na wengine, mmoja mmoja, wakakaa.